Mashine ya Mama Riziki Ilikula Nini

Juzi mama mmoja alinisimamisha hapa Baraka, karibu na kituo cha bamotari, wale wa pikipiki, na ordinateri yake, kompyuta ya kubeba, imefungwa ndani ya kitenge. Akaniambia mafundi wa atelie yetu wamesema imekufa. Nikamuuliza: waliifungua? Hapana. Waliinusa? Hapana. Walikuuliza kitu? Hapana. Walibonyeza, wakangoja, wakabonyeza tena, wakamwambia, mama, hii imekufa, tafuta ingine.

Basi nawaandikia nyinyi muliobaki katika ile atelie, na wengine wote wenye kuanza kazi hii. Nina hasira na sitaificha. Najua mutasema: huyu naye hana hata mvi moja, anajifanya mustaafu. Ni kweli. Nimeacha kazi nikiwa na batoto watatu, wa mwisho bado ananyonya, na kifua changu hakitaki tena moshi wa kulehemu. Aliyeacha ameacha. Lakini nilikaa na ile kazi miaka mingi, wakati wa utulivu na wakati wa risasi, na mutu aliyenifundisha hakuniruhusu hata siku moja kusema imekufa juu ya kitu ambacho sijakifungua. Kufunga macho ya maiti ni kazi ya ndugu zake. Fundi anafungua.

Huyo mutu ni Papa Wilondja. Zamani alikuwa mutu wa foni ya parokia, ile redio kubwa ya kuongea na Uvira na Bukavu kabla simu za mukono hazijafika kwetu. Foni ilipochukuliwa na watu wa bunduki, akaanza kutengeneza maradio ya watu, kisha masimu, kisha ordinateri. Mimi nilifika kwake na diplome yangu ya sekondari ndani ya bahasha na mutoto wangu wa kwanza, Neema, mgongoni. Nilikuwa nimezunguka kila ofisi ya hapa mjini. Kila mahali waliangalia mutoto, wakanirudishia bahasha bila kuifungua. Papa Wilondja naye hakuifungua bahasha, lakini aliniuliza:

«Mama, unaogopa mende?»

«Mende gani?»

«Mende ya kawaida. Ya jikoni.»

«Siogopi.»

«Basi keti.»

Akanipa mashine ya mwalimu mmoja, akanionyesha namna ya kutoa skrubu. Nilipoinua kifuniko, familia nzima ilitoka, baba, mama na bajukuu, wakakimbilia mikono yangu. Neema akacheka mgongoni. Mimi sikuangusha kitu. Papa Wilondja akasema fundi wa kabla yangu, mwanaume mwenye misuli, aliirusha mashine hadi barabarani. Ndivyo nilivyopata kazi. Mpaka leo, nikimuona mende, namshukuru kidogo kabla ya kumkanyaga.

Sasa sikilizeni namna alivyofanya kazi. Mashine ikifika, mwenyewe akisema haiwaki, ao inawaka nusu na kuzimika, hakugusa kitufe. Aliiweka mezani, akakunja mikono, akamuuliza mwenye mashine swali moja: «Ilikula nini?» Watu walicheka, lakini walijibu. Huyu anasema ilikunywa maji ya ziwa, mutumbwi ulitikisika tukitoka Ubwari. Mwingine anasema ilikula umeme wa batiri ya moto, ya pikipiki, kaka yangu aliunganisha nyaya mwenyewe. Mwingine, chai yenye sukari, na nyuma ya sukari siafu. Kila chakula kina dawa yake. Iliyokunywa maji, ukiiwasha unaiua wewe mwenyewe. Toa batiri mbio, fungua, kausha. Iliyopigwa na umeme, anzia pale shajeri inapoingia, usihangaike na mengine. Mashine yenyewe haisemi. Mwenyewe ndiye anayesema, na fundi asiyeuliza ni sawa na muganga anayechoma sindano mutu akiwa bado mulangoni.

Lakini katika ile miaka ya vita kulikuwa na swali moja ambalo haliulizwi. Mulioanza juzi hamulijui. Watu walipokimbia hawakuweza kubeba kila kitu, basi walificha. Na mahali pa kuficha pa nyumba hapasemwi. Humwambii jirani, humwambii shemeji, hata pasta humwambii, kwa sababu utakimbia tena na utaficha palepale. Neno likitoka asubuhi kule kijijini Lubondja, jioni liko sokoni Baraka, na kesho yake kuna mutu ana jembe anachimba kwako. Hivyo mashine zilifika kwetu zimelala ardhini, ao darini, ao mahali Mungu mwenyewe anajua, na wenyewe wanakuambia ilikuwa juu ya meza. Juu ya meza, na ina mizizi ndani.

Mama Riziki alikuja katika siku za namna hiyo. Alikuwa mwanamke wa Lubondja, umri kama wangu. Kule kijijini ndiye aliyekuwa na mashine ya kuandika barua za watu na kupiga picha za kadi za wanafunzi. Aliingia atelie, akaweka mashine mezani, akabaki amesimama.

Papa Wilondja akamsalimia, akamuuliza jina.

«Mama Riziki.»

«Riziki iko wapi, tumusalimie?»

«Njo shida yenyewe ile, Papa.»

Riziki ni binti yake, alikuwa na miaka mine. Risasi zilipoanza Lubondja ilikuwa siku ya soko. Mama alikuwa sokoni, mutoto alikuwa kwa jirani. Jirani akakimbia na batoto wote, wake na wa wengine, na njiani wakati wa kuvuka muto, watu walisukumana, Riziki akaachia mukono. Wengine waliteremka huku Baraka, wengine walipanda mitumbwi wakaenda Ubwari. Kulikuwa na shirika lililotafuta batoto waliopotezana na wazazi, na watu wake walikuwa wanavuka kwenda Ubwari kesho yake asubuhi. Walimuomba picha. Mutoto wa miaka mine hajui jina la ukoo. Ukimuuliza mama yako ni nani, anasema ni mama. Bila picha wangemtafuta kwa kuita jina Riziki katika vijiji vyenye akina Riziki kila nyumba.

«Na picha iko ndani ya mashine,» nikasema.

«Iko ndani.»

«Hukuitoa hata moja kwa karatasi?»

Akaniangalia. «Mi napiga picha ya batoto ba kila mutu. Ya wangu nilikuwa nasema, kesho.»

Mama yule alikuwa amerudi Lubondja peke yake, watu wengine wakiwa bado wanatoka, kuichukua ile mashine pale alipoificha. Mufikirie hiyo njia. Mimi bado nikiifikiria nataka kupiga mutu.

Papa Wilondja akakunja mikono. «Ilikula nini, mama?»

«Haikukula kitu.»

«Inafanya je ukiwasha?»

«Taa inawaka. Ndani inalia krr, krr, kama mutu ya kukohoa. Kioo, ile ekra, inabaki nyeusi, kisha yote inazimika.»

«Umeijaribu mara mingi?»

«Mingi.»

«Sasa basi, usiijaribu tena. Ililala wapi?»

«Ndani ya nyumba.»

Papa akainua mashine, akainusa pembeni, pale hewa ya moto inapotokea. Akanipa na mimi. Harufu ilikuwa kali, inachoma pua kidogo, kama ghala ya chakula. Ndani, ukiitikisa polepole, kitu kilitiririka kama muchanga.

Mimi, munanijua, sina maneno laini. Nikamwambia: «Mama, hii haikulala nyumbani. Sema ulifichia wapi, ao tutaiua mbele ya macho yako.»

«We fanya kazi yako.»

«Kazi yangu ni kujua.»

«Kazi yako ni kutengeneza. Mi sikukuuliza wewe unaficha wapi.»

Alikuwa na haki, na hakutikisika. Papa Wilondja akanigusa bega, ile namna yake ya kusema nyamaza bila kusema nyamaza, akaomba turnevisi, ile bisibisi. Neema wakati huo alikuwa ameanza kulia, ana njaa na ana meno yanaota. Nilitaka kumtuliza na kutoa skrubu wakati uleule, na vyote viwili vikanishinda. Mama Riziki akanyoosha mikono bila kuniangalia, akamutoa mutoto mgongoni kwangu, akamuweka begani mwake, akaanza kutembea mulangoni, hatua mbili huku, hatua mbili kule. Neema akanyamaza. Sikujua niangalie wapi, nikaangalia skrubu.

Na hapa andikeni. Skrubu za mashine hazifanani. Ukiweka ndefu pale pa fupi, utatoboa ubao wa ndani na hakuna atakayejua ni wewe. Papa Wilondja alikuwa na vifuniko vya soda, kila kona ya mashine kifuniko chake, vimepangwa mezani kama mashine yenyewe imelala pale. Kabla ya skrubu ya kwanza tulitoa batiri, tukachomoa shajeri, nikabonyeza kitufe cha kuwasha nikakishikilia, kusudi umeme uliobaki ndani utoke. Wakati mwingine hiyo peke yake inatosha, mashine inaamka. Siku ile haikutosha.

Tulipoinua kifuniko, ndani mote mulikuwa mweupe. Unga mwembamba, wa rangi ya majivu kidogo, umeingia kila tundu.

Nikasema: «Bunga ya muhogo.»

«Labda,» Papa akasema. «Labda chumvi ya samaki. Labda chokaa.»

Na tofauti si ndogo. Chumvi inakula shaba; lazima uoshe na alkoli, mbio, kabla ya kuwasha. Bunga ukiiosha umepika bukari, ugali mutupu, ndani ya mashine, na hiyo bukari ikikauka hutaitoa hata kwa nyundo. Kosea moja, picha imekwenda. Papa Wilondja alikuwa na desturi mbaya, ya tangu siku za maradio: kitu asichokijua, alikilamba. Alijua batiri iliyovuja kwa ulimi. Akagusa ule unga na kidole, akapeleka kinywani.

Mama Riziki alivuka chumba chote na mutoto wangu begani, akamukamata ule mukono.

«Papa, hapana. Usilambe.»

Sote tukabaki hivyo. Kidole cha Papa kiko mbele ya midomo, mukono wa mama umekishika, Neema anawaangalia kama watu wazima wamekuwa wendawazimu.

Papa akateremsha mukono polepole. «Asante, mama. Umeniponya, na hukusema kitu.»

Alikuwa amesema yote. Kuna unga mumoja tu kwetu unaofanana na bunga na hauliwi: ile dawa ya kuchanganya na mbegu, wadudu wasizitoboe. Papa akaenda kunawa mikono na sabuni, akarudi, akatufunga leso puani mimi na yeye, akamwambia Mama Riziki akae mbali, yeye na Neema, upande upepo unapotoka. Tukahamisha meza nje, nyuma ya atelie.

Dawa ile ni kavu, basi tuliitoa kwa kavu. Brashi laini, ile ya bamama kupaka rangi ya kucha, ilikuwa kwa Papa kifaa cha heshima. Na kwa kupuliza, pampu ya kinga, ya baiskeli. Musipulize kwa kinywa. Pumzi ya mutu ina mate, na mimi nimewaona nyinyi munapuliza kama munawasha makaa. Pampu inatoa hewa safi, na unaelekeza unapotaka. Tulifanya hivyo polepole, jua likianza kutuacha, maana umeme wetu ulikuwa wa pano ya jua, wa sola, na mawingu yalikuwa yanapanda kutoka milimani. Jenereta ya jirani ilikuwa haina mafuta. Nilitaka tuharakishe. Papa akaniambia: «Mwenye haraka anarudia.» Nikamwambia jua halirudii. Akacheka, akaendelea na mwendo wake.

Tulipofika kwenye ventilateri, ile feni ndogo ya kupoza, tukapata kikohozi chenyewe. Kati ya mapanga yake na ukuta, punje moja ya mpunga, na maganda yake, imesimama wima kama kabari. Feni ilikuwa inajaribu kuzunguka, inagonga, inagonga, na mashine inajizimisha isiungue. Papa akaitoa na sindano, akaiinua kwenye mwanga. Mama Riziki akasogea na kufungua kiganja.

«Leta.»

«Mama, ni punje moja.»

«Ni mbegu.»

Akaifunga katika ncha ya kitenge chake. Kisha, pengine kwa kuwa hapakuwa tena na kitu cha kuficha, akasema bila sisi kumuuliza:

«Ile batu ya bunduki ikiingia kijijini inakula kila kitu. Kuku, bunga, hata mbegu ya kawaida inasaga. Mbegu yenye dawa haigusi, inaogopa kufa. Tunaiweka mbele ya macho yao, ndani ya mutungi, na chini ya mbegu tunaweka vitu. Bamama bote ba kwetu njo vile. Mukisema, mumetumaliza bote.»

«Kusema nini?» Papa Wilondja akamuuliza. «Mi nilikuwa napampu.»

Nami nikamwambia kwetu ilikuwa chini ya jiwe la kusagia. Mama yangu angejua nimesema angenitia kiboko, mutu muzima mwenye mutoto. Mama Riziki akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama mutu anayepokea chenji iliyo sawa.

Leo naandika haya kwa kuwa yeye mwenyewe ameniruhusu. Wale watu walijifunza, wakaanza kumwaga mitungi ya mbegu chini. Bamama wamehamisha mahali pa kuficha. Wapi, sijui, na kama ningejua ningekuwa napampu.

Feni ikazunguka. Ekra ikabaki nyeusi. Musikate tamaa hapo. Mashine mbovu ina shida mbili mara nyingi kuliko moja, na ya kwanza inaficha ya pili. Papa akaniachia. Nikatoa barete ya kumbukumbu, ule ubao mwembamba wenye meno ya rangi ya dhahabu, nikayasugua meno na gomu ya wanafunzi, ile ya kufutia penseli. Si kisu, si karatasi ya kusugulia, gomu. Nikapampu tundu lake, nikairudisha mpaka ikalia tik. Nikachomeka shajeri, batiri ikiwa bado pembeni. Nikabonyeza.

Ekra ikawaka. Maandishi meupe yakasema mashine haikuzimwa vizuri, nichague namna ya kuianzisha. Mama Riziki alikuwa nyuma yangu. Nilisikia pumzi yake kwenye shingo yangu. Ikaanza, ikafika katikati, ikazimika. Nikagusa chuma cha ndani: cha moto, kinaunguza. Ile dawa ilikuwa imeganda mahali brashi haifiki, na hewa haikupita sawasawa.

Mutaniuliza kwa nini hatukutoa diski tu na kuisoma kwa mashine ingine. Swali zuri, nami ningewapenda zaidi kama mungeliuliza kazini. Mashine yetu ya atelie ilikuwa ya zamani, meno ya diski hayakulingana. Kamba ya kuunganishia tulikuwa nayo, lakini watu wa bunduki walipita nayo mwezi uliotangulia. Pengine wamefungia mbuzi.

Papa Wilondja akaingia kwa jirani anayechoma samaki, akatoka na upepeo wa makaa, ule wa majani. Akampa Mama Riziki.

«Pepea mashine yako, mama. Kama unapika.»

Mama akanirudishia Neema, nikamfunga mgongoni. Mama Riziki akapiga magoti kando ya meza, akapepea. Papa akaniambia sheria yake, na ndiyo nataka muichukue hata kama mutasahau mengine: okoa kwanza, angalia baadaye. Mutu akiona kitu chake amekipata anataka kukifurahia. Mashine inayokufa haingoji furaha.

Nikabonyeza. Ikaanza. Jua likaingia nusu katika wingu, taa ya pano ikafifia kidogo, ikarudi. Nikachomeka flash.

«Iko wapi?»

«Fungua pale penye Picha. Teremka. Ile ya wanafunzi, hapana. Teremka.»

Zikapita sura ndogondogo, mustari kwa mustari, Lubondja nzima imekaa mbele ya shuka moja la buluu. Wazee, bibi arusi, batoto ba masomo wenye shingo ngumu.

«Ile.»

«Hii?»

«Hapana, huyo ni wa jirani. Chini yake.»

Nikaishika na mushale. Sura ilikuwa ndogo kama kucha, huwezi kuona mutu vizuri. Mama Riziki akaacha kupepea.

«Fungua nimuone.»

«Hapana.»

«Nimuone tu kidogo.»

«Pepea, mama.»

Alinichukia wakati ule, niliiona ile chuki, na hata mimi ningejichukia. Lakini akapepea. Nikatuma picha kwenye flash, mustari wa kijani ukatembea polepole, na kabla sijachukua pumzi ukafika mwisho. Nikajaribu kuongeza zingine za pale pale. Mashine ikazimika na haikuwaka tena siku ile.

Nilichomoa flash, nikaingia ndani, nikaichomeka kwenye mashine yetu ya zamani, ile inayowaka kama muzee anayeinuka kitini. Tulingoja. Papa Wilondja, mutu asiyeomba mbele ya watu, alikuwa anasugua kidole kilekile alichotaka kulamba. Nikafungua.

Mutoto alikuwa amesimama mbele ya shuka la buluu, amevaa gauni la mutoto mukubwa kuliko yeye linalofika chini, mashavu yamevimba, midomo imebanwa. Mama Riziki akaangalia muda murefu.

«Nilimukataza kucheka,» akasema. «Nilimuambia hii ni picha ya kadi, watu hawacheki. Unaona vile anaishikilia.»

Papa akatoka nje. Mimi nikapiga nakala kwa sekretariati, kile kibanda cha kuchapisha, ng'ambo ya barabara; rangi ilikuwa imewaishia, ikatoka nyeusi na nyeupe, shuka la buluu likawa la majivu. Mama Riziki akaipeleka mwenyewe kwa watu wa shirika, ameishika na mikono miwili, na mvua ikamukuta njiani, akaiweka ndani ya nguo. Asubuhi mutumbwi wa injini ukaondoka.

Ile mashine tuliifungua tena tukiwa na wakati, sehemu kwa sehemu, na ikafanya kazi miaka. Alipotaka kulipa, Papa Wilondja alikataa. Alisema hawezi kumlipisha skrubu mutu aliyezuia sumu isiingie kinywani mwake. Leo yuko kwa binti yake, macho yamechoka, lakini bado akisikia redio inakwaruza anasema kitu gani kimeliwa. Kila kitu ninachojua kwa mikono kinatoka kwake, na alinipa bila kuniambia hata mara moja nimuache mutoto nyumbani. Batoto wangu wakubwa wamesoma kwa ile kazi. Munapokuwa wakali kwa mama mwenye mashine ndani ya kitenge, mujue munamtukana pia mutu huyu.

Riziki alipatikana Ubwari. Familia moja ya wavuvi ilikuwa imemupokea, na kwa kuwa hakutaka kusema jina wakamupa la kwao. Mama wa ile nyumba aliiangalia ile picha ya majivu, akasema sura siitambui, huyu ni munene, wetu amekonda. Lakini hii midomo ya kubana kicheko, hii ni ya huyu. Wakamuita mutoto, wakamuonyesha. Akaiangalia, akasema: «Ni mi. Mama alinikataza.»

Mama Riziki akavuka kumuchukua, akakaa kule siku kadhaa, maana huwezi kumunyang'anya mutu mutoto aliyemulisha, ukageuka na kuondoka. Waliporudi Baraka, kitu cha kwanza alipita atelie. Jua lilikuwa kali, mutumbwi uliwachosha. Mutoto alikuwa mgongoni, kitenge kimemufunika mpaka masikio, shavu limebanwa kwenye bega la mama yake upande ule mwingine.

Nikanyoosha mukono nifunue kidogo, nimuone.

«Amelala,» Mama Riziki akaniambia.

Nikaurudisha mukono. Uso wake niliuona kwenye ekra tu.